Mbiu Ikilia Kila Siku

Mpenzi msomaji, wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakutuambia tufanye nini mbiu hiyo ikilia asubuhi, mchana na jioni, siku saba za juma, kwa makubwa na madogo sawasawa. Juma hili nataka tuitazame historia ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kulifikiri: namna binadamu anavyomwambia mwenzake, "Ujumbe wangu huu ni wa haraka, usome kwanza." Nitaanza na kisa kinachonihusu mimi mwenyewe, nacho si cha kujisifia.

Mwaka 2009 nilikuwa mhariri wa zamu katika kituo kimoja cha redio. Matangazo ya vifo yalikuwa yakitufikia kwa barua pepe kutoka kwa mawakala wa mikoani. Wakala anapokea ada, anaandika tangazo kwenye kompyuta yake, anabonyeza, na programu tuliyotengenezewa inalituma moja kwa moja chumba cha habari. Jumanne moja, kabla ya saa mbili asubuhi, likaingia tangazo kutoka Singida. Mama mmoja wa kijiji cha Iramba alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Mazishi yangekuwa Alhamisi saa sita mchana. Tangazo lilimtaka mwanawe mkubwa, aliyekuwa Dar es Salaam, afike bila kukosa. Simu yake ilikuwa imeibwa Kariakoo wiki ile, namba mpya nyumbani hawakuwa nayo, na ndiyo maana wakaikimbilia redio.

Tangazo lile lilikuwa na alama nyekundu ya mshangao, yaani la haraka sana. Tatizo ni kwamba asubuhi ile kila barua ilikuwa na alama nyekundu. Mwaliko wa semina ulikuwa na alama. Bei ya alizeti ilikuwa na alama. Mnada wa ng'ombe, ratiba ya mechi, salamu za harusi, zote zilikuwa nyekundu kama nyanya za sokoni. Mimi nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikaacha kuziona. Tangazo nikalikuta Jumatano alasiri, likasomwa saa mbili usiku. Yule bwana akalisikia akiwa kwa jirani, akapanda basi la alfajiri ya Alhamisi. Alipofika kijijini ilikuwa usiku, na udongo ulishakauka juu.

Jumamosi alinipigia simu. Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Alisema, "Ndugu mtangazaji, sikupigi kukulaumu. Nauliza tu nipate kuelewa. Hapo kwenu, neno haraka maana yake ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na leo nataka nikushirikishe nilichokipata.

Tuanzie nyumbani. Nimekulia Singida mjini, si mbali na ziwa Singidani, lakini likizo zote tulipelekwa kijijini kwa babu. Kijijini hapakuwa na simu wala posta. Palikuwa na yowe. Usiku yowe likipigwa, hakuna aliyeuliza nani anapiga wala kwa nini. Mwanamume alichukua fimbo au mkuki akatoka, na aliyebaki kitandani alikuwa na maneno ya kujibu kesho yake. Lakini upande wa pili ulikuwa mkali vilevile. Babu alitusimulia habari za jirani aliyepiga yowe kwa sababu ya ulevi. Watu walikuja wakihema, wakamkuta anacheka. Wazee wakamtoza mbuzi. "Wajukuu zangu," babu akasema, "mbuzi yule hakuwa adhabu ya pombe. Alikuwa bei ya yowe."

Miaka ya mwanzo ya 1980 Sungusungu walipoanza upande wa Shinyanga na Tabora kupambana na wezi wa mifugo, kisha wakaenea hadi mikoa ya jirani ukiwamo wetu, walishika kanuni hiyohiyo. Filimbi ikilia, kila mtu atoke. Asiyetoka anatozwa. Anayepiga bila sababu naye anatozwa. Hapo tayari, ndugu msomaji, unaona nguzo mbili za ujumbe wa haraka: anayeutuma awe na kitu cha kupoteza akidanganya, na anayeupokea awe na wajibu wa kuinuka.

Sasa tutoke kijijini tuifuate njia kuu. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ilipita Ugogo na kukatisha pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo kwa ramani yetu liko pande za Manyoni na Itigi. Katika njia ile ujumbe ulikwenda kwa mwendo wa mpagazi mwenye mzigo kichwani. Aliyetaka barua yake iwahi hakuwa na alama ya kuweka juu ya bahasha. Alikuwa na njia moja tu: kuitoa barua kwenye mizigo, akampa mtu mwenye miguu myepesi atangulie.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1873. Mmisionari na msafiri David Livingstone alipofariki mwezi Mei kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili na kuubeba kuelekea pwani. Walipokaribia Unyanyembe hawakusubiri mzigo ufike. Jacob Wainwright, aliyekuwa msomi wao, aliandika barua, na Chuma akatangulia nayo. Mwezi Oktoba akamkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyekuwa amepumzika pale na msafara wake. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874. Habari zilikuwa zimeshafika London Januari. Mwili ulikwenda kwa mwendo wa mzigo na habari kwa mwendo wa tarishi. Lakini hebu pima gharama yake: kumtoa mtu mwenye nguvu katika msafara uliochoka si jambo dogo. Msafara ule haukutuma tarishi kila siku.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1879, waya wa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Zanzibar. Ghafla habari ya miezi ikawa habari ya saa. Watu wakadhani suala la haraka limekwisha. Lakini wapi! Ndipo lilipoanza, kwa sababu waya ni kama reli yetu ya kati. Njia ni moja, na treni mbili zikikutana lazima moja iingie pembeni ingoje. Hata waya ukiwa na kasi ya umeme, ujumbe hupita mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kumpa mmoja kipaumbele maana yake ni kumwambia mwingine asubiri. Hakuna namna nyingine. Naomba ulishike neno hilo, tutalirudia.

Mataifa yaliliona jambo hili mapema. Yalikuwa yameunda Umoja wa Telegrafu wa Kimataifa mjini Paris mwaka 1865, na katika mkataba wa St. Petersburg wa mwaka 1875 yakazipanga telegramu kwa madaraja: za serikali, za shughuli za telegrafu yenyewe, na za watu binafsi. Za serikali zilitangulia. Mtu binafsi aliyetaka kuwapita wenzake aliruhusiwa kuandikisha telegramu ya haraka, ikawekwa herufi D mwanzoni, lakini alilipa bei mara kadhaa ya ile ya kawaida. Mbuzi wa babu akawa fedha taslimu.

Kwetu, Wajerumani walikuwa na boma Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni ya leo, na waya wa telegrafu ulipita bara hata kabla ya reli. Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita Manyoni na Itigi. Watawala wakabadilika, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaja, nchi ikajitawala, lakini utaratibu wa waya ulibaki uleule: daraja, bei, na karani mwenye mamlaka ya kusema huu kwanza, huu baadaye.

Mimi mwenyewe niliuwahi mwisho wa enzi hiyo. Mjomba wangu alikuwa karani wa telegramu, na nikiwa mtoto nilikaa benchi la nyuma nikimtazama akihesabu maneno kwa ncha ya kalamu. Kila neno lilikuwa na bei, kwa hiyo watu walijifunza kusema makubwa kwa machache. BABA MGONJWA SANA NJOO HARAKA. Siku moja nikamwuliza, "Mjomba, mbona wagonjwa ni wengi hivi?" Akanitazama kwa huruma. "Mjomba," akasema, "mgonjwa anasubiri barua. Hao wote wamekwisha kufa." Kila aliyepokea telegramu ya namna ile aliijua maana yake kabla hajaifungua, akaanza kutafuta nauli. Karatasi tu ilitosha, kwa sababu hakuna aliyetuma karatasi ile kusalimia.

Halafu kulikuwa na redio. Wasomaji wa rika langu na walionizidi mtakumbuka matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa yake ikifika, nyumba nzima hunyamaza. Hata mtoto alijua kwamba sasa si wakati wa kuomba chai. Matangazo yale hayakuwa na alama yoyote nyekundu. Yalikuwa na saa yake, yalikuwa na ada yake, na yalikuwa na taifa zima lililokaa likisikiliza. Mimi naamini ule ulikuwa mmoja wa utaratibu bora wa ujumbe wa haraka tuliowahi kuwa nao nchini.

Lakini nisije nikakudanganya kwamba zamani kila kitu kilikwenda sawa. Alama ya haraka ikikosekana pale inapohitajika, msiba wake ni mkubwa kuliko wa alama nyingi. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali George Marshall, aliamua kuwatahadharisha makamanda wake wa Pasifiki kwamba huenda Wajapani wangeshambulia. Redio ya jeshi ya kwenda Hawaii ilikuwa haishiki kwa sababu ya hali ya anga. Ujumbe ukapelekwa kwa kampuni ya kawaida ya telegrafu. Ulifika Honolulu kama dakika 20 hivi kabla ya bomu la kwanza. Lakini bahasha haikuwa na alama yoyote ya haraka, basi ikasubiri zamu yake pamoja na nyingine, ikachukuliwa na kijana wa pikipiki, naye akapita nayo katikati ya mashambulizi. Ofisi ya mawasiliano ya jeshi ikaipokea karibu saa sita mchana, meli zikiwa zinaungua bandarini Pearl Harbor na Wamarekani zaidi ya 2,400 wamekufa au wanakufa. Wapo wanaosema hata ungewahi usingebadilisha kitu. Huenda. Lakini hakuna anayesema kwamba ujumbe ule ulistahili kupangwa foleni.

Sasa tufike kwenye barua pepe, maana ndiyo iliyonitia aibu. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma kwa mtandao barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mwaka 1982 ukatolewa mwongozo uliosema barua ya namna hiyo iandikweje: mstari wa anayetuma, wa anayetumiwa, wa tarehe, wa kichwa cha habari. Mstari wa haraka haukuwamo. Hata hivyo mwongozo ule uliacha mlango wazi: mtu akitaka kujiongezea mstari wake mwenyewe, ruksa, na majina yanayoanza kwa herufi X na kistari yakatengwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1984 mashirika ya simu ya dunia nayo yalitoa utaratibu wao wa barua za kompyuta, ulioitwa X.400. Hawa walikuwa watu wa telegrafu, walijua. Wakatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kwanza, haraka ya kusafirisha: ya haraka, ya kawaida, isiyo ya haraka. Hiyo inamhusu anayebeba. Pili, umuhimu wa kusoma: mkubwa, wa kawaida, mdogo. Huo unamhusu anayepokea. Barua yaweza kuwa muhimu sana lakini isiwe na haraka, kama vile hati ya shamba. Na yaweza kuwa ya haraka bila kuwa na uzito mkubwa, kama vile kumwambia mtu basi limebadilisha saa.

Utaratibu ule ulikuwa mzito na wa gharama, haukuenea kwa watu wa kawaida. Ilienea barua pepe rahisi, na watengenezaji wa programu wakautumia ule mlango wa herufi X. Wakabuni mstari usemao X-Priority, unaofuatwa na namba. Namba 1 ni ya juu kabisa, 3 ni kawaida, 5 ni ya chini. Wengine wakatumia mstari usemao Importance, wenye maneno matatu ya juu, kawaida na chini. Leo mwandishi wa programu akitaka barua itoke na alama nyekundu, kazi yake ni kuongeza mstari mmoja: X-Priority: 1. Au anachagua neno moja kati ya matatu aliyowekewa tayari. Sekunde chache, imekwisha.

Na mstari huo unafanya nini? Hapa ndipo nilipoduwaa. Kwa kawaida haufanyi lolote njiani. Mitambo inayopokezana barua huzichukua na kuzipitisha kama zilivyo. Barua ya namba 1 na ya namba 5 husafiri kwa mwendo mmoja, kama bahasha mbili ndani ya gunia moja. Alama inaamka mwisho wa safari tu, kwenye kioo cha mpokeaji, tena ikiwa programu yake inaijali. Ni ombi, si amri. Na kwa kuwa matapeli nao waliipenda, baadhi ya mitambo ya kuchuja barua taka imekuwa ikiitilia shaka barua inayojitangaza kuwa ya haraka sana. Yaani unapiga kelele ili usikilizwe, na kwa kelele hizo unafungiwa nje.

Wataalamu wameliona pengo hili. Mwaka 2012 ilitolewa kanuni inayoiwezesha mitambo yenyewe kupeana daraja la barua, kuanzia hasi 9 hadi 9, ili ya dharura itangulie kweli, kwa ajili ya watu kama majeshi na waokoaji. Na sharti lake ni lipi? Mtambo unaopokea una haki ya kumwuliza anayetuma ni nani, na kulishusha daraja lake kama hana mamlaka. Baada ya nyaya zote na mitambo yote, tumerudi kwa wazee wa kijiji: nani kapiga yowe, na ana haki gani?

Nirudi chumba cha habari. Baada ya simu ya yule bwana nilimwendea kijana aliyetutengenezea programu. Nikamwuliza kwa nini kila tangazo lina namba 1. Akanijibu kwa adabu, "Kaka, niliambiwa hapa kila tangazo ni muhimu, maana kila mteja kalipa." Akanionyesha kwenye kompyuta. Mstari wenyewe ulikuwa mmoja. Hakuna wakala aliyewahi kuulizwa kama ujumbe wake ni wa haraka. Programu iliwajibia wote, siku zote, jibu lilelile.

Yule kijana hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu, tuliodhani kwamba kipaumbele ni heshima ya kumgawia kila mteja ili asijisikie mnyonge. Kipaumbele si heshima. Ni foleni. Ukiwapitisha wote mbele, hujampitisha mtu. Nilikuomba ulishike neno lile: kumpa mmoja kipaumbele ni kumwambia mwingine asubiri. Sisi hatukuwa tayari kumwambia mtu wa mnada asubiri, na kwa hiyo, bila kukusudia, tukamwambia hivyo mfiwa.

Tulibadilisha mambo matatu. Kila tangazo likaingia na namba 3. Namba 1 ikaachwa kwa vifo na hatari kwa maisha, na wakala akitaka kuitumia lazima aandike jina lake na sababu. Na baada ya kutuma, awapigie simu wa zamu, kwa gharama yake. Mawakala walinung'unika sana kuhusu simu. Niliwaambia habari za mbuzi wa babu. Kabla mwezi haujaisha, alama nyekundu zilikuwa tatu au nne kwa siku, na kila ilipotokea, mtu aliinuka kitini.

Baada ya hapo nilimpigia yule bwana. Nikamweleza yote haya, pengine kwa urefu kuliko alivyohitaji. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ahsante. Basi wa mwenzangu mtamwahi." Hakusema zaidi, akakata simu.

Tangu hapo, kila ninapotaka kuweka alama ile kwenye barua yangu, mkono husita kidogo. Najiuliza ni nani aliye nyuma yangu kwenye foleni, na kama ningekuwa tayari kutoa mbuzi. Mara nyingi naiacha barua iende na namba 3, na mara nyingi inajibiwa kwa wakati wake.